Ukili Uliofungwa Mtini

Mama alikuwa msukaji mikeka, na wekundu wa mikeka yake ulitoka kwenye gome la mti wa msituni ambao hakumwonyesha mtu. Desturi ya ukoo ni hii: mama akiacha kazi na kuweka kisu chake cha gome chini, humchagulia binti mti na kuufunga ukili, yaani mkanda wa ukindu uliosukwa. Gome hubanduliwa upana wa kiganja, upande mmoja tu, na jeraha likapakwa tope. Ukibandua kuzunguka shina, mti hufa umesimama.

Mwaka huo macho ya mama yalizima. Siku alipotaka kwenda msituni, aliyemshika mkono ni Kitinda, binti wa mwisho. Walirudi jioni, Kitinda ana tope hadi viwikoni na kicheko kimejaa mdomoni.

"Mlikuwa wapi?" Dada mkubwa aliuliza.

"Mama kanikataza kusema."

"Vuta subira, mwanangu," mama alisema.

Subira! Miaka ishirini Dada alikuwa amechemsha magome asiyojua yanakotoka, vidole vimemwiva wekundu, leo mti unapewa huyu aliyeanza kusuka juzi na mkeka wake wa kwanza ulikuwa kama umetafunwa na mbuzi. Roho ilimuuma, tusifichane. Kilikuwa kijicho hasa, cha kumwonea mtu wa tumbo moja.

Asubuhi alifuata nyayo zao. Mti aliukuta, na ukili umefungwa shinani. Aliukata bila kuutazama. Kisha akabandua gome, kiganja cha kwanza, cha pili, akazunguka mpaka alipoanzia. Alijua anachofanya. Kikapu kilifurika, akakiacha nje ya mlango, akaingia chumbani walimoketi mama na Kitinda na kuutupa ukili miguuni kwa Kitinda.

"Mti wako nimeuona."

Ukili ulidondoka juu ya mkeka wa mama. Mama aliupapasa, akatabasamu.

"Wa kwake kivipi? Kitinda bado mchanga, hana mti. Alinibebea tope tu. Huu si ukili wako wa kwanza, uliporuka chane moja ya ukindu hapa ukapinda? Nimeutunza tangu ulipokuwa mtoto. Nilitaka nikupe mti Ijumaa, pamoja na kisu changu. Lakini wewe na haraka mlizaliwa pacha."

Dada alitafuta mahali pa kuweka mikono yake.

"Umebandua kiasi gani?" mama aliuliza.

Kitinda alichungulia nje, akaona kikapu. Alikitazama kwa muda, kisha akamtazama dada yake, na kicheko chake chote kilikuwa kimeondoka.

"Kiganja kimoja, mama," Kitinda alisema.

"Vizuri. Nendeni mkaupake tope, gome lirudi."

Kitinda alichukua ndoo. Dada alimfuata nyuma, na njia nzima alitamani mdogo wake amtukane.