Shali Nyekundu ya Rastro

Casilda Berrocal alikuwa na masharti yake ya kununua vitu Rastro, soko la mitumba la Madrid, na Jumapili ile, wakiteremka barabara ya soko katikati ya msongamano, alimmiminia binamu yake Leocadia yote kwa mkupuo. Mkoba ukae kifuani. Kibanda cha kwanza unakipita tu. Shali ya hariri unaipapasa matamvua. Yaliyofungwa kwa mkono hayalingani.

"Na ukipenda kitu, nuna. Jifanye umeona panya."

"Mimi kununa siwezi, Casilda. Uso wangu unaropoka."

"Basi angalia viatu vyako."

Leocadia alikuwa ametoka Rosario, Argentina, akitembea kwa mkongojo tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga. Kesho yake angepanda ndege kurudi. Alichokitaka Madrid ni kimoja tu: shali kama ile ambayo mama yake aliondoka nayo hapa akiwa msichana, na ambayo baadaye ilisombwa na mafuriko pamoja na nusu ya nyumba. Casilda alimwahidi ataipata.

Waliiona kwa Eutimio, muuzaji mwenye masharubu ambaye Casilda alikuwa akivutana naye kwa miaka bila kumshinda hata mara moja. Nyekundu, waridi jeupe limetariziwa mgongoni, matamvua yanagusa chini. Casilda aliipita kama haipo, akainua kinu cha kahawa.

Eutimio akacheka. "Kinu unacho, nilikuuzia mwenyewe. Sema unataka shali. Euro mia tatu."

"Mia tatu! Kwani imeshonwa na malaika?"

"Malaika wangekutoza zaidi, bibie."

Casilda akatumia silaha yake ya mwisho: akamshika Leocadia mkono, wakaondoka polepole, akingoja kuitwa. Hakuitwa. Alipogeuka alimwona Eutimio anatafuna mkate wake wa ngisi, ametulia. Leocadia alikuwa anaangalia viatu vyake kweli sasa, macho yamemjaa machozi, na Casilda akaona aibu imempanda mpaka masikioni.

Ndipo mzee wa kinanda cha kuzungusha akaanza kupiga chotis, ngoma ya zamani ya Madrid, pale kwenye kona.

Leocadia akasimama. "Nishikie," akasema, akampa Casilda mkongojo, akarudi kibandani, akaivuta shali na kujitupia mabegani.

"We mama!" Eutimio akafoka.

Lakini Leocadia alishaanza. Alicheza kama mama yake alivyomfundisha jikoni, taratibu, anazunguka palepale alipo, kidevu juu, na matamvua yakafunguka kumzunguka kama mvua. Hakununa. Alikuwa anang'aa. Watu wakasimama, wakapiga makofi kufuata mdundo, na mzee wa kinanda akarudia wimbo bila kuombwa.

"Olé, mama!" mtu akapaza sauti. Mwanamke mmoja akauliza, "Zipo nyingine?"

Casilda hakungoja Eutimio ajibu. Aliruka nyuma ya meza. "Zipo! Hii nyeusi, papasa matamvua, dada, hayalingani hata kidogo, kazi ya mkono hiyo! Mkoba kifuani, bwana, na hiyo ya kijani mchukulie mkeo!" Eutimio alikuwa anafunga vifurushi mpaka jasho linamtoka. Shali zikaisha. Vipepeo vya kujipepea vikafuata. Hata kinu cha kahawa kikapata mwenyewe.

Muziki ulipokoma, Leocadia alikuwa anahema na kucheka kwa pamoja.

"Haya, Eutimio," Casilda akasema, mikono kiunoni. "Mchezaji wako unamlipa nini? Na muuzaji wako je?"

Eutimio akaitazama meza tupu. Akajifuta masharubu. "Ondokeni nayo," akasema. "Ondokeni kabla sijapata akili."

Wakaingia baa ya jirani kwa konokono na glasi za divai ya vermut, Leocadia mbele na shali yake mabegani, na waliomwona akicheza wakamshangilia upya. Casilda akapanda juu ya kiti, mwanamke mzima, akatangaza mpaka jikoni wakasikia:

"Jamani, Eutimio kanipa kitu bure!"