Mwelekezi Asiyesikia Sauti ya Kwanza

Viola alipofika Tongaren, Profesa Festus alikuwa shambani akipalilia mahindi, na hakumsikia akiita langoni. Ilibidi amzunguke mpaka mbele ndipo mzee akashtuka, akaangusha jembe na kumpa mikono yote miwili. Viola alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, nguzo ya sauti ya kwanza katika kwaya ya chuo kikuu. Siku hizi alifundisha muziki Kitale, na bintiye Pauline alikuwa karibu kuolewa. Waimbaji wa zamani walikuwa wamekubaliana kuja kumwimbia bibi harusi, na mwelekezi waliyemtaka ni yule yule.

Festus alikataa kwa upole. Akasingizia palizi, akasingizia magoti, akasingizia uzee. Viola akanywa chai yake taratibu, akangoja visingizio viishe.

"Sauti ya kwanza imenitoka, Viola," Festus alisema mwishowe. "Besi nawasikia. Lakini nyinyi mkipanda juu, kwangu mimi ni kimya."

Akamweleza ilivyoanza. Ndege ndio waliotangulia kunyamaza. Kisha siku moja mazoezini aliwaona wasichana wamefungua midomo, na hakuna kilichomfikia. Alijaribu kuongoza kwa kufuata midomo yao, akaona anawadanganya. Akaaga chuo kabla ya wakati wake, na watu wakaambiwa Profesa amechoka.

Viola aliweka kikombe chini. "Mwalimu, sisi tutasikilizana wenyewe. Wewe tuonyeshe tu mahali pa kupumua."

Alipoondoka, Festus hakurudi shambani. Alikaa barazani, miaka ikamrudia. Kwaya ile ilizaliwa katika ukumbi wa kulia chakula, sahani zikishaondolewa na meza bado zikinuka maharagwe. Viola alikuwa msichana mwembamba kutoka Kachibora aliyeimba akitazama viatu vyake, na sauti yake ilipotoka hata wapishi waliacha kuosha sufuria. Alwi, mtoto wa mwenye duka karibu na msikiti wa Bungoma, hakuimba nyimbo za kanisani. Alikaa nyuma akisoma mpaka zamu ya nyimbo za kienyeji ifike, ndipo alipoinuka na besi yake ikatikisa vioo.

Siku hizo Festus alikuwa akizunguka vijiji vya Kimilili na kinasa sauti begani, akitafuta nyimbo za kumsindikiza msichana anapoolewa. Akina kukhu, mabibi wa huko, walimcheka, mwanaume mzima anayeulizia nyimbo za wanawake. Walipomaliza kucheka waliimba mpaka betri zikaisha. Kutokana na nyimbo hizo aliandika tasnifu yake ya udaktari, na wimbo mmoja akaupangia sauti nne. Kwaya ilipouimba kwenye tamasha la muziki, ukumbi mzima ulisimama. Huo ndio wimbo ambao Viola alitaka binti yake aimbiwe.

Asubuhi ya harusi walikutana nyuma ya kanisa, Kitale, kupasha sauti. Festus aliwatazama akashindwa aanzie wapi. Wembamba walikuwa wamenenepa, wenye nywele walikuwa na vipara, na wengi walitafuta miwani ndipo wasome maneno. Alwi, kofia nyeupe kichwani, alifika kutoka Bungoma na mkewe Sabiha.

"Prof, si umezeeka bana," alisema.

"Na hiyo besi, bado iko?"

Alwi alivuta pumzi, akanguruma ile noti ya chini ya mwanzo wa wimbo, na Festus akaisikia ikimwingia kifuani kama zamani. Ikambidi ageuke, ajifanye anatafuta leso.

Waliimba mchana, chini ya hema, baada ya maharusi kuketi. Festus aliinua mikono. Besi zikaingia, sauti ya tatu ikapanda juu yao, kisha ikafika sehemu ambayo Viola huimba peke yake. Hapo kwake kukawa kimya kabisa. Akamtazama Viola: mabega yakashuka, shingo ikanyooka, midomo ikafunguka. Hakumsikia mama huyu wa bibi harusi. Aliyemsikia ni msichana wa ukumbi wa chakula, noti kwa noti, na mkono wake ukamfuata mpaka mwisho wa pumzi. Aliposhusha kidole, Alwi na wenzake waliingia kama mtu mmoja.

Pauline alikuwa analia na kucheka. Wanawake walisimama, ndimi zikicheza midomoni, na Festus akajua ni vigelegele.

Viola alimjia akihema, uso umejaa jasho. Akasimama karibu na sikio lake, akauliza kwa sauti nzito ili amfikie:

"Tulikuwa sawa?"

"Sauti ya pili walichelewa kuingia," Festus akasema. "Hao wamechelewa tangu mwaka wa kwanza."

Akina mama wa sauti ya pili wakaangua kicheko, wakamshika mikono na kumpeleka mezani. Alwi alimvutia kiti upande wa besi, lakini Festus alikaa kati ya wanawake. Kuku na ugali vikaja, wakaanza kumsimulia, mmoja mmoja, huku wakiinama kumkaribia, maisha yaliwapeleka wapi baada ya chuo.