Pumzi ya Kuanzia

Gaël alikuwa hawezi kukaa mahali pa kimya. Mtu mwenye jina lile, saksafoni yake inalia mpaka kwenye redio za teksi, ungedhani anaishi raha mustarehe. Wapi. Pale kwake La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, redio ilikuwa haizimwi. Akienda duka la spaza kununua mkate anaiacha inaongea na makochi. Akioga, redio iko juu ya sinki. Mke wake alivumilia miaka minne, halafu akabeba mabegi akaenda kwa dada yake, akasema yeye hakuolewa na watangazaji.

Kisa chenyewe kilikuwa pumzi.

Bendi yao zamani ilikuwa haihesabu. Bendi nyingine mtu anasema moja, mbili, tatu, nne, au mpiga madramu anagonga vijiti. Wao hapana. Kulikuwa na Thierry, mpiga piano, rafiki wa Gaël tangu wakiwa watoto Lubumbashi. Thierry alikuwa anavuta pumzi kwa mdomo, moja tu, ya kwenda ndani, na ikifika mwisho wote wameshaingia kwenye wimbo kama mtu mmoja. Wewe uliyekaa ukumbini huisikii. Wao walikuwa wanaisikia hata watu wakigonganisha glasi. Gaël alikuwa anawatambia waandishi wa magazeti kwamba bendi yake inaanzishwa na mapafu.

Na mapafu yenyewe sasa, yalikuwa mabovu. Thierry alikuwa na pumu.

Siku walipokwenda kurekodi, miaka kumi na moja iliyopita, ilikuwa asubuhi, kwenye studio moja ndogo Randburg. Piano ilikuwa kwenye chumba chake, katikati kuna kioo, na kila mtu amevaa spika za masikioni ili amsikie mwenzake. Gaël alikuwa mkali kama nini siku hiyo. Hakutaka kitu chochote juu ya piano, kisije kikatetemeka kikaingia kwenye rekodi. Hata ile dawa ya Thierry ya kuvuta aliitoa yeye mwenyewe, akaitia kwenye koti, koti likabaki mlangoni.

Wakatulia. Pumzi ikavutwa. Wakaingia.

Wimbo uliitwa Jumapili ya Malvern. Piano ikapiga kidogo tu, vidole vya mwanzo mwanzo, halafu ikanyamaza. Ikasikika mbao inagongwa, ko, ko, ko. Baadaye tena, ko, ko, ko. Hakuna aliyeshtuka, maana Thierry alikuwa na mchezo huo wa kugonga ubao wa piano akinogewa. Gaël akapiga dakika saba ambazo hajawahi kupiga kabla wala baada. Walipomaliza, Salum wa madramu akaenda kumpongeza Thierry, akamkuta sakafuni. Alikata roho ndani ya gari, kwenye robot ya tatu, zile taa za barabarani, kabla hawajaiona hospitali.

Wimbo ukatoka, ukavuma kuliko walivyowahi kuota. Wanaojua muziki wakaandika kwamba piano ile iliyonyamaza ni ushujaa, ni mtu aliyejua lini aache. Na zile ko, ko, ko, kwenye kila onyesho watu wanazisubiri, mahali pake pakifika wazipige wao kwa makofi. Elfu nzima ya mikono, pa, pa, pa, na Gaël pale mbele anatabasamu, jasho linamtoka mgongoni.

Mjane wa Thierry, Angélique, Gaël alimwambia kwamba mumewe alimaliza wimbo, akacheka, ndiyo pumu ikaja. Hivyo hivyo alivyosema siku ya msiba, ndivyo alivyoendelea kusema.

Tangu hapo ile pumzi ikamhamia. Akisimama jukwaani, kabla hajagusa mdomo wa saksafoni, anaisikia nyuma ya sikio la kushoto. Akawa anaanza nyimbo haraka haraka kabla wenzake hawajajipanga, wanagombana, bendi mbili zikamvunjikia. Basi linafunga breki, ni hiyo. Mama anamvua mtoto sweta dukani, mtoto anavuta hewa, ni hiyo. Alihama nyumba mara tatu. Inahama naye.

Sasa mwaka huu kampuni ya muziki ikaamua kuitoa tena ile albamu, isafishwe. Kazi akapewa Naseeb, fundi mitambo mtaratibu kutoka Tanga, studio ileile ya Randburg. Naseeb akampigia simu, akamwambia mzee wangu, njoo usikilize kitu kabla sijaendelea.

Gaël akaenda. Naseeb alimweleza tu kwamba kila chombo kilirekodiwa na maiki yake, kwa hiyo leo mtu anaweza kuisikiliza piano peke yake bila wengine. Akabonyeza.

Ikaja pumzi. Bila saksafoni ya kuifunika, ilikuwa ndefu, nyembamba, kama mtu anavuta uji mzito kwa mrija. Ikaja ya pili, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwenye albamu. Vidole vikaanguka kwenye piano. Kiti kikasukumwa. Halafu mbao. Sio mbao ya mtu aliyenogewa.

Naseeb akazima. Alikaa anafuta mikono kwenye suruali, na mikono haina kitu.

"Mzee, hii naweza kuisafisha yote, pumzi na hivyo vishindo," akasema. "Hakuna atakayejua. Ila yule mama anakuja saa sita kusaini ruhusa, na amesema anataka kumsikia mumewe peke yake."

"Mwambie imeharibika."

"Nimwambie hivyo?"

"Hivyo hivyo, Naseeb. Imeharibika, basi."

Saa sita kasoro Angélique akaingia. Alikuwa ametoka moja kwa moja saluni kwake Jules Street, nyuzi za rasta bado zimemganda kwenye sweta. Akamsalimia Gaël, akamtania kwamba amekonda, kwani siku hizi saksafoni ndiyo inamla yeye? Akauliza habari za bendi, akasema Arlène, binti yake, sasa anaongea Kizulu tu, ukimwambia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kizulu. Akasaini karatasi bila kuzisoma. Kisha akakunja mikono, akamtazama Naseeb.

Naseeb akasema ile sauti ya piano imeharibika, mama, mitambo ya zamani. Alikiambia kiatu chake, sio yeye.

"Haina neno," Angélique akajibu. "Niko na ombi moja tu. Musitoshe ile pumzi ya mwanzo, muiache."

Na studio, bwana, ndiyo mahali pa kimya kuliko pote Johannesburg nzima. Kuta zimevishwa magodoro, mlango mzito kama wa benki. Hakuna redio. Gaël akaisikia nyuma ya sikio la kushoto, inavutwa, inavutwa, haifiki mwisho. Akashika ukingo wa meza.

"Mama Arlène," akasema, "ile pumzi haikuwa ya kuanza."

Akamwambia. Ilimtoka vibaya, hovyo hovyo, kitu cha mwisho kikatangulia cha kwanza. Kwamba Thierry alikuwa anatafuta hewa, na yeye akadhani ni ishara, akaingia, na wote wakamfuata. Kwamba dawa aliiweka mbali yeye. Kwamba hakuna kicheko, Thierry hakumaliza wimbo wala nini. Naseeb alisimama akitaka kutoka, akaona kutoka ni kubaya zaidi, akakaa.

Angélique hakulia. Alikuwa anachomoa uzi mmoja wa rasta kwenye sweta, taratibu.

"Nililala na ile pumzi miaka tisa, shemeji," akasema. "Unafikiri siijui? Nilijua ni pumu siku ya kwanza kwa redio, kichwa cha mutu kiko kwa mikono yangu, nilikuwa nasuka. Niliacha kusuka. Yule mama akaniuliza kama nimeumia kidole." Akaukunja ule uzi. "Kila Noeli unakuja na muchele, unakuja na mafuta. Nasema, leo ataniambia. Unakula, unaaga, unaenda."

Gaël akasema anaomba msamaha. Angélique akasema ile ya kudhani ameshaisamehe zamani, maana bendi ndivyo ilivyokuwa, na Thierry mwenyewe ndiye aliyeanzisha mchezo huo wa pumzi. Lakini akamwuliza kitu kingine.

"Mukiwa munapiga, haukumuangalia?"

Hapo ndipo palipokuwa na yote. Miaka kumi na moja, nyumba tatu, mke mmoja, vyote vilikuwa vimekaa juu ya hilo swali. Na alikuwa anaweza kusema hapana. Kila mtu anajua anapiga kafumba macho, picha zake zote ziko hivyo, nani angembishia?

"Nilimwangalia," akasema. "Zile mbao zilipogongwa mara ya pili. Nilifungua macho, nikamwona ameinamia piano. Nikajua kuna kitu. Lakini wimbo ulikuwa umenikubali, mama Arlène, haujawahi kunikubali vile. Nikasema acha nimalize. Nikafumba tena."

Angélique ndiyo akakaa chini. Mkono ukaenda mdomoni, ukabaki pale. "Zile mbao," akasema. "Miye na Arlène tulikuja kwa onyesho lako. Tulipiga makofi."

Naseeb akamletea maji, hakuyagusa. Mwishoni alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akavuta kiti chake mpaka karibu kabisa na spika.

"Haijaharibika, ee?" akamwuliza Naseeb.

"Haijaharibika, mama."

"Basi weka. Yote, mpaka mwisho. Alikuwa peke yake mule, nataka nikae naye."

Gaël akainuka aende zake. Angélique, bila kugeuka, akamwonyesha kiti. Akakaa.

Pumzi. Pumzi ya pili. Vidole, kiti, mbao, mbao tena. Kitu kizito kikashuka sakafuni. Baada ya hapo Gaël alidhani hakutakuwa na kitu, dakika tano za kimya tu. Lakini kwa mbali, maiki ya piano ilikuwa imenasa kilichokuwa kinapenya kwenye kioo: saksafoni, ndogo, tamu ajabu, inapanda, inazunguka, inarudi, haina haraka. Ndiyo aliyokuwa anaisikia Thierry pale chini. Iliendelea na kuendelea. Gaël alikuwa anaisubiri isimame, anaiomba isimame, na haikusimama.

Angélique alisikiliza mpaka sauti ya mwisho ilipokatika.

"Ulipiga muzuri," akasema.