Mwarobaini wa Nyuma ya Jengo

Mwaka 2006, hapa Guangzhou, Nelly aliamka na homa, na Chacha, kaka yake, akageuka mganga. Alichuma majani kwenye mti wa nyuma ya jengo letu, akayachemsha kwenye sufuria ya umeme ya wali. Mimi, jirani yao, nilipochungulia, akanuna.

“Mwarobaini huu. Unatibu maradhi arobaini.”

“Na ya arobaini na moja unayaleta wewe. Majani ya mwarobaini wa kwetu yamejipanga kwenye kikonyo kimoja tu. Hiki chako kimezaa vikonyo vingine, mganga! Mlinzi wa jengo kaniambia mti huu ni sumu.”

“Wewe wa kununua jinzi soko la Shisanhang unajua nini habari za miti? Bibi kanilea kwa dawa hii. Toka chumbani kwetu!”

“Natoka. Ila kunywa wewe kwanza, nione.”

Akanyanyua kikombe kwa hasira. Nelly alimtazama kutoka kitandani, anatetemeka. Chacha akanikodolea macho kama niliyemtukania bibi yake. Kikombe hakikufika mdomoni.

“Kaka,” Nelly akasema, “niitie teksi, nipeleke hospitali.”

Chacha akamwaga dawa yote kwenye sinki, akaita teksi. Nelly alipona. Chacha hanisalimii mpaka leo.