Mti Usioliwa na Mbuzi

Ndanu aliamka amechoka kama mtu aliyelima usingizini. Leo ilikuwa zamu yake ya mwethya, akina mama wa kijiji kulimiana shamba kwa shamba, na zamu ikipita, mvua haimsubiri mtu.

Pale palipokuwa na mahindi na mbaazi sasa palisimama miti ya jatrofa, mstari baada ya mstari. Munyao, mumewe, ndiye aliyeng'oa mbaazi, mwaka ule watu wa kampuni walipofika hapa Masinga na kofia za bure, wakisema mafuta ya mbegu hizi yataendesha malori bila kuchafua hewa. Watu wale hawakurudi. Ukaja ukame, na shamba zima likatoa mbegu za kujaza karai moja tu.

"Mama Mueni, tuipe mwaka mmoja tu," Munyao alimwambia mkewe. "Imeanza tena kutoa maua."

"Maua nitayatia kwa githeri badala ya mahindi na mbaazi?" Ndanu akamjibu.

Akina mama walipofika na majembe, Munyao aliwapokea ukingoni mwa shamba na koroboi mkononi. Alikuwa ametwanga mbegu zile, akazichemsha na kuengua mafuta. Akawasha kiberiti. Utambi ulisitasita, kisha ukashika: moto mdogo, mweupe, juani.

"Mnaona? Inawaka!"

"Inawaka, Baba Mueni," Kavutha, jirani yao, akajibu. "Sasa watoto walambe mwanga?"

Wakacheka. Ndanu hakuwa na nguvu za kucheka. Mafuta yalikuwa mazuri, hakuna ubishi. Lakini nyanyake alipanda mti huu huu mpakani tu, awe na ua ambao mbuzi hawatautafuna. Kitu kilichowashinda mbuzi, wao wamekipa shamba lote.

"Ng'oeni," alisema.

Munyao alimtazama. Majembe yalisubiri.

"Matawi msichome," Ndanu akaongeza. "Yatashika mizizi mpakani. Mbegu za huko zitatosha taa. Hapa ni pa chakula."

Munyao akapuliza koroboi, akaiweka chini ya kivuli isimwagike, akachukua panga.

Kufika adhuhuri shamba lilikuwa wazi, jekundu, limejaa mashimo. Munyao alikuwa mpakani, akichomeka matawi. Ndanu, mgongo ukimuuma, alifungua mfuko wa mbegu za mbaazi.

"Yachomeke karibukaribu, Baba Mueni," alimwambia. "Mbuzi wa jirani Kimeu wamekonda mwaka huu. Watapenya."