Kumbatio la Pili

"Basi kipindi utakitangaza mwenyewe, kaka, maana mimi kwenye kile kiti sikai!"

Sauti ya Sindano ilipenya kioo cha chumba cha uhariri kabla yeye mwenyewe hajausukuma mlango. Nyuma yake alikuja mkuu wa vipindi, tai imemkaa begani.

"Kumbatio limetangazwa wiki nzima," alifoka. "Watu wameahirisha safari zao walione. Leo niwaambie nini?"

"Waambie kamera ilizimika."

"Muuzaji gani humwambia mteja kwamba mizani yake mbovu?"

"Asiyetaka mteja arudi kumvunjia duka."

Nilikuwa nimekaa katikati yao, mkono kwenye kipanya. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini nyasi hii ilikuwa na kipindi cha kukamilisha kabla ya taarifa ya habari ya jioni.

Sindano ndiye aliyekuwa uso wa kipindi chetu cha habari cha kila wiki. Jina hilo walimpa wakubwa aliowahoji. Swali lake lilikuwa dogo, likiingia hulisikii. Ukishafika nyumbani ndipo unaona damu. Mimi niliajiriwa na stashahada yangu ya chuo, nikijua kila kitufe. Yeye ndiye aliyenifundisha kufumba macho na kusikiliza kwanza.

Habari iliyozua ugomvi ilikuwa ya mama mmoja, fundi cherehani. Binti yake aliondoka nyumbani kwa hasira akapotelea mbali, miaka nenda miaka rudi. Kipindi chetu kilimtafuta, kikampata, kikamrudisha. Mpiga picha akaenda kunasa saa ya kukutana. Binti alipofika mlangoni, betri ya kamera ikakata. Hadi kijana wa watu anaweka nyingine, mambo ndani yalikuwa yamekwisha.

Akafanya tunachofanya sote. Katika kazi yetu, kumwambia mtu atoke aingie tena ni jambo la kawaida. Kuna wakurugenzi wanaotoka na kuingia ofisini kwao kwa ajili ya kamera mpaka walinzi wanawacheka. Binti akatolewa nje, mlango ukafungwa, akabisha hodi upya.

Siri haikufichuliwa na mbaya wetu yeyote. Mchana wa siku ile ya ugomvi mama mwenyewe alimpigia Sindano kushukuru, kisha akauliza, "Ile ya pili tulijitahidi, mwanangu. Imetoka vizuri?"

Ilitoka vizuri mno. Sindano aliniambia niicheze, nikaicheza. Mwanga wa dirishani umewaangukia, machozi yapo, na mama anasema, "Karibu nyumbani, mwanangu," kwa sauti iliyopangika.

"Mama Pacha," Sindano akaniita. "Wewe mzazi. Unaona nini?"

Sikupenda kuvutwa ulingoni. Lakini niliulizwa.

"Naona mtu anatafuta pa kuweka mikono," nilisema. "Na binti anamsubiri amalize."

"Hata wewe, Mama Pacha!" mkuu akalalamika.

"Na kipaza sauti?" Sindano akauliza. "Mama alikuwa nacho?"

Alikuwa nacho. Alibandikiwa kifuani tangu asubuhi, na chombo cha kurekodi sauti kilikuwa na betri yake. Hakuna aliyewahi kuisikiliza sauti ile. Nani ana haja na sauti isiyo na picha? Niliitafuta, nikaipata.

Kitasa kililia. Kitu cha chuma kikaanguka sakafuni. Kikafuata kimya kirefu hata mkuu akaitazama spika akidhani imekufa. Halafu, paa! Kofi la mgongoni.

"Hata simu!" mama akasema. "Hata simu, wewe mtoto!"

Baada ya hapo hayakuwa maneno, ni pumzi tu na vilio vinavyokanyagana. Kisha binti, kwa sauti ndogo: "Mama, umekuwa mfupi."

"Nyamaza," mama akamjibu, analia na kucheka pamoja.

Miaka imepita. Sindano amestaafu, anafuga kuku, na ukimpigia asubuhi hapokei. Pacha wangu wamenipita kimo, na mmoja wao alishawahi kunichelewea mpaka nikalijua kofi lile kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini siku ile, ndani ya chumba kile, nilimwona Sindano akigeukia ukutani kwa muda, na alipogeuka tena uso wake ulikuwa mkavu.

"Juu ya sauti hiyo utaweka picha gani?" mkuu akauliza. Hakuwa akifoka tena. "Giza?"

"Mlango. Mpiga picha aliunasa kwa nje kabla betri haijakata. Na mimi nitawaeleza watazamaji yaliyotokea yote, hadi tulivyomtoa binti wa watu nje."

"Watatucheka."

"Watucheke. Wakichoka watasikiliza."

"Kipindi kikiharibika, dada, umeondoka."

"Nimeondoka," alisema, kama mtu aliyeambiwa mvua imeanza. Akafunga vifungo vya koti lake la studio na kushika njia ya ngazi. Mimi hakuniagiza kitu. Alijua kitufe cha kutuma kiko chini ya kidole cha nani.

Mkuu akaniinulia mkono. "Mama Pacha, subiri kwanza tu—"

Nililiteua kumbatio toka mwanzo hadi mwisho, nikalifuta. Nikauweka mlango, nikailaza sauti chini yake, nikatuma.

"Imekwenda, bosi," nilisema.