Je, Saa Hii Imewahi Kuanguka?

Hapa Le Locle, mji wetu wa Uswisi, kila mtu ni fundi saa, hata asiyejua kushika bisibisi. Gari likigoma kuwaka, utaambiwa mafuta yamekauka, kama ya saa kuukuu. Mchungaji akirefusha mahubiri, mafuta yamekauka. Kwa hiyo baba yangu, mzee Fernand Huguenin, aliponiletea karakanani saa yake ya mkononi akisema mafuta yamekauka, niifungue niisafishe, sikumwamini hata kidogo.

Baba alitengeneza saa maisha yake yote, na ndiye aliyenikataza kufungua saa isiyoumwa. Mafundi wanaotaka saa ifanyiwe sevisi kwa kufuata kalenda, iumwe isiumwe, aliwaita wachuuzi. Saa ikiugua, alisema, itajisema yenyewe: itakimbia, itachelewa, au itasimama mapema hata ikiwa imetiwa ufunguo vizuri. Isiposema, iache. Leo ananihimiza mimi kufungua? Udadisi ukanishika, na ukinishika mimi hauniachii.

"Shida yake nini, Baba?"

"Inasimama kabla hakujakucha."

"Imewahi kuanguka?"

Hilo ndilo swali la karakana yetu. Yeye mwenyewe alinifundisha: kila mteja muulize, na kila mteja atakudanganya.

"Haijaanguka," akasema, macho yake kwenye theluji ya dirishani.

Saa hiyo aliinunua kabla hajamwoa mama. Si lazima kuitia ufunguo. Ndani mna kipande kizito kinachozunguka mkono unapotikisika, nacho ndicho kinachoijaza nguvu. Sikuifungua. Niliitia ufunguo mpaka ikajaa, nikaiweka kwenye mashine ya kupimia mapigo. Mapigo yalikuwa na nguvu, yamelingana. Nikaiacha mezani, ikatembea usiku kucha na asubuhi yake yote. Nikaona labda kile kipande kizito ndicho kimechoka, basi nikaivaa mwenyewe. Nikazoa theluji mlangoni, nikakanda unga, nikabishana na jirani kwa mikono yote miwili. Haikusimama hata siku moja. Nikamrudishia Baba, nikamwambia saa haina ugonjwa.

Baada ya siku mbili ilikuwa imesimama tena. Akaniita fundi wa vijiko.

Nilikasirika, lakini kilichonikera zaidi ni kutojua. Saa ni ileile. Mkononi kwangu inaishi, mkononi kwake inakufa. Nikaacha kuitazama saa, nikaanza kumtazama yeye.

Mchana huo nilimpikia soseji na viazi. Aliomba nimkatie soseji, eti meno. Mkate aliumega kwa mkono mmoja, akiubana kifuani. Nikamuuliza mbona siku hizi haendi kucheza karata kwa Perrenoud, rafiki yake tangu ujana. Akasema Perrenoud anaiba. Perrenoud anaiba tangu sijazaliwa, na Baba hajawahi kukosa mchezo. Nikawaza wanavyocheza: mkono wa kulia unatupa karata, wa kushoto umezishika zilizobaki. Macho yangu yakashuka. Mkono wa kushoto, wenye saa, ulikuwa umelala pajani kama paka, na haukuwa umetoka hapo tangu tukae.

Nikaogopa. Niliogopa kwelikweli.

"Baba, saa yako ni nzima," nikasema. "Haipati wa kuijaza."

Alisukuma sahani mbele taratibu.

"Nilitaka shida iwe saa," akasema. "Saa tungeiweza, mimi na wewe."

Nilitamani kumgombeza kwa kunificha, na nilitamani kulia. Nikashindwa vyote viwili. Nikaenda kwenye meza yangu ya kazi, nikawasha taa, nikakunjua kitambaa cha kijani. Hakuitwa, lakini alikuja. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akauinua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaulaza juu ya kitambaa, pale wateja wanapoweka saa zao.

"Imewahi kuanguka?" nikamuuliza.

Safari hii alinitazama mimi.

"Imeanguka," akasema. "Kwenye barafu, nyuma ya kanisa, kabla ya Krismasi. Usinipigie kelele, mwanangu."

Sikumpigia. Nilimvua ile saa, nikamfungia kwenye mkono wa kulia isije ikasimama, kisha nikampigia simu daktari.